Saa Nne ya Asubuhi, Mtoto Yuko Mikononi mwa Nani?

Kila tunapozungumzia malezi hapa Bujumbura, maneno huanzia kwa mama, yakapitia kwa baba na lawama kidogo, yakaishia kwa mwalimu. Semina hualika wazazi, mabango ya chanjo huchorwa mama na mtoto wake, na kiongozi wa dini akisimama mbele ya waumini huwaonya wazazi. Kuna mtu mmoja hatajwi. Mama anayeuza ndagala ametoka nyumbani alfajiri kwenda Ruvumera, mwalimu ameshaingia darasani, karani yuko ofisini Rohero, baba yuko kwenye shughuli zake. Saa nne ya asubuhi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu yuko mgongoni mwa yaya, na katika nyumba nyingi yaya huyo ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mji huu hauwezi kudai unajali makuzi ya watoto wake wachanga huku umewakabidhi kwa watoto wengine ambao makuzi yao haujali. Huruma kwa yaya ingetosha kuwa sababu, lakini hata asiye na huruma naye ana la kufikiri hapa, kwa maana anayebebwa na anayebeba wamefungwa kitenge kimoja. Linalomnyima mmoja usingizi, chakula au utulivu halikawii kumfikia mwenzake.

Tuanze na anayebebwa. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine, na hukua kwa chakula na kwa maneno. Hili la maneno wengi hulidhani ni anasa ya wenye nafasi, kwa hiyo nitachukua ushahidi kutoka mitaa ya watu wa hali ya chini. Mwaka 1986, mjini Kingston, Jamaika, watafiti wakiongozwa na daktari Sally Grantham-McGregor walianza kufuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi waliongezewa maziwa, baadhi walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka miwili, baadhi wakapata vyote viwili, na wengine hawakuongezewa kitu. Mhudumu alikuja na vichezeo vilivyotengenezwa kwa makopo, chupa na vitambaa, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, kumtajia vitu majina, kumwitikia anapojaribu kutamka. Miaka ishirini baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa wanapata mshahara unaozidi wa wenzao kwa asilimia 25 hivi. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo.

Sasa rudini uani kwetu, saa nne ya asubuhi. Msichana ameamka saa kumi na moja kuwasha mkaa, amefagia, ameosha vyombo vya jana, ameteka maji kwa jirani kwa sababu bomba limekauka tena, na sasa anafua nepi huku maharage yanachemka. Maharage makavu hayana haraka. Mtoto analia, naye anamfunga mgongoni ili mikono iwe huru. Mgongo ni mahali pazuri, hakuna mtoto wa Kirundi asiyelala usingizi mtamu pale. Tatizo ni saa. Anayebebwa kutwa nzima na mtu aliyeinamia beseni anaona kisogo, anasikia maji na mapovu, na neno linaloelekezwa kwake linapita mara mojamoja. Hata kulishwa ni hivyo hivyo. Mtoto wa umri huo anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na anayemlisha awe na subira ya kungoja ameze, ageuze uso, acheze na kijiko, kisha arudi. Bakuli moja la uji wa soya linaweza kumaliza nusu saa. Mwenye nepi ndooni na sufuria motoni hana nusu saa. Humnywesha harakaharaka, mtoto akikataa bakuli linafunikwa. Unga ulikuwa mzuri na mama aliununua kwa jasho lake, ila haukufika tumboni.

Kisha kuna homa. Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hayalipiwi, na huo ni uamuzi mmojawapo mkubwa uliowahi kuchukuliwa nchini kwa ajili ya watoto. Lakini homa haitazami saa ya kutoka kazini. Anayeihisi kwanza ni yaya, mgongoni mwake, kabla ya kipimo chochote. Simu yake, kama anayo, haina salio. Ufunguo wa lango hana. Kadi ya chanjo iko kabatini chumbani kwa mama, na mara ya mwisho alipotoka bila ruhusa alifokewa mbele ya majirani. Basi anamvua mtoto nguo, anampangusa kwa maji, anangoja. Kituo cha afya kiko mtaa wa pili, huduma ni ya bure, na tangu saa nne hadi saa kumi na moja jioni zimepotea saa saba. Kwa malaria ya mtoto mdogo, saa saba si kitu cha kupoteza. Hapo hakuna aliyekosa mapenzi. Aliyemshika mtoto hana madaraka, na mwenye madaraka hamshiki mtoto.

Na huyu anayebeba ni nani? Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Burundi walio chini ya miaka mitano, 58 wamedumaa. Ule wa 2016-2017 ukakuta 56. Ni viwango vya juu kabisa duniani. Bujumbura mjini hali ni afadhali sana kuliko Kirundo, Muyinga au Ngozi, nasi wa mjini tumezoea kuuona udumavu kama jambo la milimani. Lakini ni milima hiyo hiyo inayotuletea mayaya. Msichana wa miaka 13 anayeshuka kwenye basi Gare du Nord, nguo zake mbili zimefungwa kwenye kitenge, alizaliwa kati ya vipimo hivyo viwili; kwamba naye alidumaa ni jambo lenye uwezekano zaidi ya nusu. Mwili wake bado unakua. Anaanza hedhi na anahitaji chakula chenye chuma, anahitaji kulala usiku kucha, na sisi tunampa kilichogandia chini ya sufuria baada ya wote kushiba, halafu tunashangaa anasinzia akiwa amempakata mtoto.

Sheria haikumsahau, nikisema haki. Kanuni ya kazi ya mwaka 1993 iliweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mwaka 2000 ikaridhia ule wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu umri wa kuanza kazi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005, na tangu 2013 elimu hiyo ilipanuliwa ikawa miaka tisa, maana mtoto asiyerudia darasa anaimaliza akiwa na miaka 15 hivi. Kwa hiyo kwenye karatasi hakuna msichana wa miaka 13 anayefua nepi za watu. Uani yupo.

Kuhusu malipo, nitataja tarakimu chache. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku mjini, faranga 105 vijijini, na kwa zaidi ya miongo mitatu hakikuguswa. Faranga 160 leo hazinunui hata yai. Palipo na sheria ya namna hiyo, mshahara wa yaya ni neno la mwenye nyumba na la komisioneri, yaani dalali aliyemleta, na mara nyingi neno hilo ni "nitakutunzia, ukienda kwenu Noeli nitakupa zote." Noeli inafika, karo za watoto wa nyumbani zinakaribia, pesa hazikutimia, msichana anafunga kitenge chake na kuondoka asubuhi bila kuaga. Wiki ijayo analetwa mwingine. Tunahesabu hasara ya mama aliyekosa kazini siku tatu. Hatuhesabu ya mtoto aliyezoea sauti moja, harufu moja, wimbo mmoja wa kubembelezwa, vikakatika ghafla, na pengine ndiyo mara ya tatu tangu azaliwe. Kuna utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, uliofuatilia watoto 136 waliokuwa wanalelewa kwenye vituo. Waliopelekwa kwa familia wakapata mtu wa kudumu, hasa kabla ya kufikisha miaka miwili, walijenga mshikamano na mlezi na wakaendelea vizuri kuliko waliobaki au waliochelewa. Watoto wetu hawako vituoni, usiku wanalala na mama zao, kwa hiyo sifananishi uzito wa mambo haya mawili. Ninachochukua hapo ni kwamba mtoto mdogo anahitaji mtu asiyebadilikabadilika, na mshahara usiolipwa ndio unaomfukuza mtu huyo.

Najua wapo wanaosikiliza ambao wameshaanza kukunja uso. Watasema: huko alikotoka kuna njaa, hapa anakula kila siku, na kile kidogo anachopata kinanunua mbegu au bati nyumbani kwao, ukimrudisha umemsaidia nini? Pingamizi hili lina uzito, na wanaoharakisha kulitupa huwa ni watu ambao hawajawahi kuangalia ghala tupu mwezi wa Novemba. Lakini kama ni msaada, basi tuupime kama tunavyopima msaada wowote: baada ya miaka mitatu, msaidiwa yuko wapi? Kama anarudi kilimani hana cheti wala akiba, anasoma vibaya kuliko alivyokuja, na wengine wanarudi na mimba ambayo hakuna mtu nyumbani mle anayeikubali, basi aliyesaidiwa ni nani? Waswahili walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na si kweli kwamba pesa haiwezi kufika kwenye familia ile ila kwa kumtoa msichana. Mradi wa Merankabandi, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ulizipa familia maskini zenye watoto katika Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi faranga 20,000 kwa mwezi, zikipitia kwa mama. Si fedha nyingi, na bei za sokoni zimeshazila. Ila imeonekana kwamba faranga zinaweza kupanda mlima bila msichana kuushuka.

Pingamizi la pili ni la undugu: huyu si mfanyakazi, ni mtoto wa dada yangu, tumemchukua tumlee. Kirundi kina msemo, umwana si uw'umwe, mtoto si wa mtu mmoja, na ni msemo wa kujivunia. Tena watu huongeza kwamba sisi sote tulibebwa na dada zetu na hatukuharibika. Mwaka 1977 watafiti Thomas Weisner na Ronald Gallimore waliandika juu ya malezi ya watoto kwa watoto katika jamii nyingi za dunia, na Weisner alikuwa ameishi na kutafiti magharibi mwa Kenya. Wanakubaliana na wazee wetu: ni desturi ya mahali pengi, na ina faida zake. Ila tazameni desturi yenyewe ilivyokuwa. Dada alimbeba mdogo wake kando ya shamba ambalo mama analima. Akilia sana, mama alisikia. Bibi alikuwa kizingitini. Jioni aliyebeba na aliyebebwa walirudi kwa mama mmoja na kula sahani moja. Tulichofanya mjini ni kuchukua kipande kimoja cha desturi hiyo, mgongo wa msichana, tukaacha vingine vyote kijijini. Na kuhusu undugu, kuna njia rahisi ya kuujua. Septemba shule zikifunguliwa, katika nyumba hiyo kuna watoto wawili wa miaka 13. Nani ananunuliwa sare? Kama umwana si uw'umwe, basi huyu wa jikoni naye ni umwana.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, na sitajifanya nina dawa yake. Mwalimu wa shule au muuzaji wa nyanya hana uwezo wa kumlipa mwanamke mzima mshahara wa kutosha, na vituo vya kulelea watoto vilivyopo mjini ni vichache na ni vya wenye pesa. Kweli tupu. Lakini mnaona wenyewe namna mzigo huu ulivyotua. Likizo ya uzazi katika kanuni ya 1993 ilikuwa wiki 12. Madaktari wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, yaani wiki 26. Zile wiki 14 zilizobaki katikati nani alizijaza? Sheria imemwachia mama, mama amemwachia msichana wa Kayanza. Na huyo ni mama mwenye ajira ya maandishi. Wa sokoni hana hata hizo 12. Gharama ya kulea watoto wa mji huu haijawahi kutoweka, ila imeshushwa ngazi kwa ngazi hadi ikamfikia asiyeweza kuikataa.

Yapo yanayowezekana pasipo utajiri. Nchini India, mwaka 1969, wanawake waliobeba matofali kwenye ujenzi huko Delhi walianza kuwekewa mahema ya kulelea watoto pale pale kazini. Shirika la Mobile Creches likazaliwa hapo. Rwanda, jirani yetu, wamezoea makundi ya nyumbani ambamo wazazi wa mtaa mmoja hukusanya watoto wao wadogo na kupokezana zamu. Soko letu kuu lilipoungua Januari 2013, wauzaji walitawanyika, masoko mengine yakapanuka na mapya yakajengwa. Kila soko linapochorwa, mhandisi hukumbuka vizimba, choo, na chumba cha mtoza kodi. Chumba kimoja chenye mikeka, maji safi na wanawake wawili watu wazima wanaolipwa kutokana na ule ushuru wa kila siku kingewatoa watoto wangapi migongoni? Akina mama wa ndagala wangenyonyesha mchana bila kupanda gari. Na katika mitaa ya nyumba zilizobanana kama Buyenzi au Bwiza, familia tatu zinaweza kuchangia mwanamke mmoja mzima kwa mshahara ambao kila moja peke yake isingeuweza.

Lakini hayo yatachukua muda, na msichana yuko uani leo. Tunacho chombo ambacho tayari kimeandika jina lake: kaye ya nyumba. Kwa miaka mingi sasa kila kaya hapa mjini imetakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wote wanaolala humo, na nyumbakumi au polisi wakipita usiku hulidai. Yaya yumo, kwa kawaida mstari wa mwisho, jina na kilima alikotoka. Palipotakiwa namba ya karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, kuna mstari mtupu, kwa kuwa hajafikia umri wa kupata karangamuntu. Mstari huo mtupu unasomwa kama kosa la usalama: huyu ni nani, katoka wapi? Hakuna anayeusoma kwa maana yake iliyo wazi kabisa, kwamba hapa pana mtoto. Na ajabu nyingine: Oktoba 2021 serikali ilitia saini makubaliano na Saudia juu ya wafanyakazi wa nyumbani, ili Mrundi mtu mzima anayekwenda Riyadh asiende kienyeji. Aliyetoka Ngozi kuja Kinindo hana hata ukurasa.

Kuna atakayesema kwamba ukilifanya daftari liulize umri, watu wataandika uongo, au mbaya zaidi, watamtoa msichana nje usiku ule ule wasije wakashitakiwa, na mwisho wake utakuwa barabarani. Ni hofu ya kweli, na ndiyo sababu nisingependa kazi hii apewe polisi. Kamati za ulinzi wa mtoto zipo, na nyumbakumi ni jirani, anazijua nyumba zake. Swali lake la kwanza lisiwe la faini. Shule nyingi za msingi za mji huu zimezoea kusomesha kwa zamu, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Mwenye nyumba aambiwe kwamba msichana aliye chini ya umri, maadamu yuko kwake, ataandikishwa zamu mojawapo, mshahara wake utatajwa mbele ya mtu wa tatu na kulipwa mwisho wa mwezi, na zile saa ambazo yuko darasani mtoto atashikwa na mtu mzima, awe bibi, jirani au mchango wa familia tatu. Atakayekataa hayo yote ndipo maneno mengine yafuate. Kadi ya chanjo nayo itoke kabatini, itundikwe kwenye msumari karibu na mlango pamoja na namba ya simu ya mama, na yaya aambiwe mbele ya wote nyumbani kwamba mtoto akipata homa hahitaji ruhusa ya mtu kutoka.